Baragumu la Ziwani

Ukipita kwa mafundi wa mabati pale Moshi mjini utasikia ribiti zikigongwa. Fundi anatoboa, anapenyeza kijisumari, anaweka chuma kizito kwa ndani, kisha anagonga kwa nje mpaka kichwa kitandazike. Asiposhikilia kwa ndani, ribiti hailali. Ndiyo maana baragumu la Loughnashade, nilipoliona pichani, lilininyima usingizi.

Ni la shaba, lina miaka kama 2,000. Mwishoni mwa karne ya 18 wachimbaji waliibua mabaragumu manne kwenye ziwa dogo la jina hilo, Ireland ya Kaskazini. Limebaki moja tu, katika Makumbusho ya Taifa huko Dublin. Aliyelitengeneza alifua shaba hadi ikawa nyembamba, akaikunja kuwa bomba lililopinda kama mundu, halafu akaziba mshono kwa utepe wa shaba uliopigwa ribiti kwa ndani. Kwa ndani! Mkono hauingii humo. Jingine la aina hiyo, lililotoka kwenye tope la Ardbrin, lina ribiti zaidi ya 1,000, na mshono ukivuja pumzi, sauti imekwenda. Nilimuuliza fundi mmoja wa Moshi angefanyaje. Aliikodolea macho ile picha muda mrefu, akasema angeanza na nondo ndefu iliyokunjwa ncha, na kwa siku angepiga ribiti chache tu, maana ukiharakisha unapasua shaba.

Mhunzi John Creed wa Scotland aliunda nakala ya lile la Loughnashade, na John Kenny, mpuliza tromboni, akalitungia muziki mpya. Unasikika katika albamu ya Dragon Voices ya mwaka 2016. Baragumu halina valvu wala tundu la kuziba kwa kidole. Kazi yote ni ya midomo na pumzi. Linaanza na mngurumo mzito, mpulizaji anakaza midomo kidogo tu, sauti inaruka juu na kutulia hapo, safi. Vijana wetu wa matarumbeta, wanaopuliza juu ya gari toka kanisani mpaka ukumbini, wangelijua mara moja jasho lake.

Pate, kwenye pwani yetu, haikubahatika hivyo. Tarikhi ya Pate inasimulia kwamba watu wa Lamu waliazima siwa yake ya shaba, yaani baragumu la sherehe, chombo kikazama nayo, basi. Siwa ya Pate iliyobaki ni ya pembe ya ndovu, iliyochongwa kwa ajili ya shughuli ya bibi mmoja wa huko, Mwana Darini. Kila nikimsikiliza Kenny naiwaza ile ya shaba, iko wapi chini ya maji.

Jioni moja nilifungulia muziki huo barazani kwangu Uru, sauti juu, migomba imetulia. Mzee wa jirani akatokeza uani, jembe begani, kama aliyeitikia mbiu ya kazi.

“Mwanangu,” akauliza, “mfereji umebomoka wapi?”