Mikono ya Kumpokea Majeruhi

Kuna kazi ambazo uzuri wake hauonekani mpaka uzitazame taratibu, hatua baada ya hatua. Kumpokea majeruhi hospitalini ni mojawapo. Anayechungulia mlangoni huona damu, kelele na watu wanaopishana. Aliyekaa nao akawazoea huona jambo jingine kabisa: kila mkono una pake, kila neno lina zamu yake, na kinachotangulia kimetangulizwa kwa sababu.

Wilaya za Mbulu na Hanang ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu, kwa kuwa huku hauna mitambo mingi ya kuufunika. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyoanzishwa 1955 na wamisionari wa Norway, iko mbali na mji wowote mkubwa. Inawahudumia Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, na wengi wao husafiri saa nyingi kuifikia. Majeruhi wa huku ni kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye changarawe, mchungaji aliyekanyagwa na ng'ombe, mama aliyeanguka na mkokoteni wa punda. Tena ipo siku wanapoletwa kwa wingi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikaufikia mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na majeruhi wakajaa katika hospitali za wilaya na mkoa. Siku ya namna hiyo haina nafasi ya kujifunza. Mikono hufanya kile ilichokwisha kukizoea.

Utaratibu wenyewe ni uleule duniani kote: njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima. Chimbuko lake ni mashambani. Februari 1976, daktari wa mifupa James Styner alianguka na ndege yake ndogo huko Nebraska, Marekani. Mkewe akafariki na watoto wake wakaumia. Huduma waliyoipata hospitalini ilimsikitisha kwa kukosa mpango. Yeye na wenzake wakatunga utaratibu wa kufuatwa, na mafunzo ya kwanza yakatolewa 1978. Msingi wake ni huu: kinachoua upesi ndicho kinachoshughulikiwa kwanza. Kuutamka ni rahisi. Kuufuata kunataka moyo. Mguu uliopinda na mfupa uliotokeza huvuta macho ya kila mtu, na ndugu wote wanauonyesha huo. Muuguzi aliyefunzika huupita kwanza, akainama karibu na mdomo wa mgonjwa kusikiliza kama hewa inapita. Mguu utangoja, pumzi haingoji.

Tazama jinsi majeruhi anavyogeuzwa ili mgongo wake ukaguliwe. Mtu mmoja hukaa kichwani, viganja vyake vikiwa vimeshika pande zote mbili za kichwa, naye pekee ndiye mwenye amri. Watatu husimama ubavu mmoja: wa kwanza mikono begani na kiunoni, wa pili nyongani na pajani, wa tatu kwenye miguu. Wa kichwani huuliza kama wote wako tayari, huhesabu mpaka tatu, na mwili hugeuka mzima mzima kama gogo, pua ikiwa sambamba na kitovu. Wa tano hupitisha vidole kwenye uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, akitafuta maumivu, uvimbe au pengo. Halafu huhesabiwa tena, na mgonjwa hurudishwa chali. Yote huchukua muda mfupi tu. Lakini wa kichwani akiuliza jambo na wa miguuni akatangulia kusukuma, shingo iliyokuwa na ufa yaweza kuleta ulemavu wa maisha.

Au tazama shuka. Mfupa wa nyonga ukivunjika, damu humwagikia ndani bila mtu kuiona, na mtu mzima mwenye lita tano hivi za damu aweza kuimaliza bila tone kuanguka sakafuni. Dawa ya kwanza ni kuibana nyonga, na shuka hutosha, hata lile alilojifunga mgonjwa mwenyewe. Ufundi uko katika mahali pa kulifunga. Asiyejua hulifunga kiunoni, likaonekana limekaza lakini lisisaidie kitu. Anayejua hupapasa kwanza ubavuni, akatafuta vifundo viwili vya mifupa ya paja vinavyotokeza, akalipitisha shuka usawa huo, akakaza, kisha akafunga magoti pamoja. Tofauti ni upana wa kiganja kimoja.

Utafiti umeipa nguvu mikono hii. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa CRASH-2, lililohusisha majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Dawa ya bei nafuu ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, ilipunguza vifo kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Baadaye ikabainika kwamba saa ndizo zinazoamua: ikitolewa ndani ya saa tatu tangu ajali huokoa, ikichelewa zaidi ya hapo yaweza kudhuru. Kwa hiyo swali la muuguzi la "Ameumia saa ngapi?" ni sehemu ya tiba. Katika wilaya ambazo barabara ya vumbi hugeuka tope masika, jibu lake hubadilisha kila kinachofuata.

Nao Waafrika Mashariki wamechangia ujuzi wao. Huko Kampala, Dkt. Olive Kobusingye na mwenzake Ronald Lett walianzisha daftari la majeruhi hospitalini, na mwaka 2000 wakachapisha kazi yao. Humo mna kipimo cha uzito wa majeraha kinachohitaji mambo matano tu: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Saa ya mkononi, kipimo cha presha na jicho makini vinatosha. Ninaivulia kofia kazi hiyo, na zaidi ninamheshimu karani au muuguzi anayejaza daftari hilo saa nane usiku, akiandika pumzi 28 kwa sababu amezihesabu dakika nzima, asiandike 20 kwa mazoea. Takwimu zote za majeruhi zinasimama juu ya uaminifu wa mtu huyo.

Hatari ya kwanza ikipita, huanza ufundi wa polepole. Paja lililovunjika, mahali pasipo na upasuaji wa kuweka chuma ndani, hutibiwa kwa traksheni. Kipini cha chuma hupitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba hufungwa, ikapita kwenye kapi, na uzito ukaning'inia mwisho wa kitanda. Miguu ya kitanda upande huo huinuliwa juu ya matofali ili mwili wenyewe uvute upande wa pili. Mgonjwa hulala hivyo wiki 10, pengine 12. Kila asubuhi muuguzi hukagua mambo madogo: je, uzito unaning'inia au umegusa sakafu? Kamba iko ndani ya kapi? Kisigino kimeanza kuwa chekundu? Ngozi kwenye kipini ni kavu? Ndugu mwenye huruma akiuinua uzito usiku ili mgonjwa apumzike, mfupa hupoteza ulichokwisha kupata. Hivyo muuguzi humfundisha na ndugu pia, kwa upole, maana huyo ndiye mlinzi wa usiku.

Waunga mifupa wa vijijini nao wasidharauliwe. Hugh Owen Thomas, daktari wa Liverpool aliyebuni banzi la paja lililookoa askari wengi katika Vita Kuu ya Kwanza, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Alichukua kugusa na subira ya wazee wake, akaongeza masomo.

Basi mikono hii hupatikanaje? Jibu moja zuri limetoka Haydom penyewe, ingawa lilihusu watoto wachanga wasiopumua baada ya kuzaliwa. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mwanasesere. Walifanya vizuri mbele ya mwanasesere, lakini katika chumba cha kuzalishia mambo hayakubadilika. Ndipo mazoezi yakawa mafupi na ya mara kwa mara, dakika chache kila wiki, palepale kazini. Mwaka 2015 Estomih Mduma na wenzake wakachapisha matokeo: vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Ifakara nako, hospitali yake ilikuwa moja kati ya nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji. Matokeo ya 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo nane kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa kusomeana tu kwa sauti mambo ambayo kila mtu alidhani mwenzake ameyakumbuka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaopanga ratiba na bajeti za hospitali zetu za wilaya. Semina ya siku moja mjini haitoshi. Wapeni wauguzi na matabibu dakika chache kila wiki, pale pale kwenye chumba cha dharura, wamgeuze mwenzao mzima akiwa kwenye machela, wafunge shuka nyongani, wahesabu pumzi kwa sauti. Gharama yake ni ndogo mno, na majeruhi atakayeletwa usiku kutoka Katesh au Dongobesh atakuta mikono iliyokwisha kufanya mazoezi kwa ajili yake.