Bruno Cremer na Kimya Chake

Msomaji, ukimtaja Bruno Cremer mbele ya Wafaransa, wengi watakujibu upesi, "Ah, Maigret!" Hivyo ndivyo televisheni ilivyomtenda: ilimpa jina la mtu asiyepata kuwapo duniani, na jina lake mwenyewe likafifia. Je, tumwonee huruma?

Alizaliwa mwaka 1929 huko Saint-Mandé, kando ya Paris, akaanzia kazi yake jukwaani. Mwaka 1959 alicheza Becket katika mchezo wa Jean Anouilh. Becket huyo ni rafiki wa mfalme wa Uingereza, mwenzake katika anasa. Mfalme akamfanya askofu mkuu akitumaini kupata mtu wa kumtii, kumbe amejipatia mpinzani. Mfalme hupayuka, hulia, hutisha. Becket husikiliza. Angalia jambo hilo vema, kwa maana ndilo lililomfikisha Cremer mbali.

Tangu mwaka 1991 hata 2005 alikuwa Maigret, yule afisa wa polisi wa Paris aliyebuniwa na Georges Simenon, katika filamu 54 za televisheni. Maigret hakimbizani na wezi. Huingia chumbani na koti lake zito, huketi, hujaza kiko, hungoja. Mshukiwa asipopata wa kubishana naye huanza kubishana na nafsi yake, na hapo siri hutoka.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo haina ustadi, ni unene na moshi tu. Mimi sikubali. Mtazame Cremer anapoambiwa uongo: hakunji uso, ila kiberiti hukawia kidogo kukifikia kiko, nawe umekwisha kujua kwamba hakusadiki. Aliyezoea kunena mpaka asikiwe na mtu wa kiti cha nyuma ndiye ajuaye thamani ya neno lisilotamkwa. Lawama ninayo moja: miaka 14 ni mingi, na katika baadhi ya filamu za mwisho ule upole umegeuka kuwa uzito, kiko kikawa mazoea badala ya fikira.

Cremer alifariki mwaka 2010. Katika filamu ya mwisho ya Maigret, maradhi yalikuwa yamekwisha kumharibu sauti, ikabidi mwigizaji mwingine amsemee. Ukibahatika kuiona, izime sauti hiyo ya kuazima kwa dakika chache, umtazame tu, kisha upime mwenyewe ni kiasi gani cha Maigret kilichopungua.