Pongezi kwa Watunza Mbegu

Mkulima mzuri wa mnavu huanza kwa kujinyima. Shina lililonawiri kuliko yote hulifunga kitambaa, na hapo hakuna ruhusa ya kuchuma hata jani, mgeni awepo asiwepo. Matunda yakiiva huyaponda ndani ya maji. Maganda huelea, mbegu nzima huzama, kisha huzisuuza na kuzianika kivulini. Mgagani nao una haraka zake: ukichelewa kuchuma maganda yanapogeuka manjano, yatapasuka na kumwaga kila kitu. Kunde huchanganywa na jivu na kufungiwa kwenye kibuyu, au siku hizi chupa ya soda, zisibunguliwe.

Kazi hii katika bustani za Kenya aghalabu ni ya kina mama, bila mshahara wala cheti. Jirani akileta kiganja cha mbegu za malenge, huondoka na za mrenda.

Ndiyo maana sheria ya mbegu ya 2012 iliudhi. Kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kungeweza kumletea mkulima kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni moja. Kwa kiganja cha kunde! Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Sizidharau mbegu za dukani. Mahindi chotara yamelisha wengi. Ila ukizipanda tena punje zake msimu unaofuata, mavuno hupungua. Mnavu wa bibi haukupi hasara hiyo.