Kisanduku cha Ukurasa wa Mbele

Kwa takriban wiki sita kabla ya uchaguzi wa Novemba 1934, msomaji wa gazeti la Los Angeles Times alikutana kila asubuhi na kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa mbele. Ndani yake mlikuwa na maneno machache ya Upton Sinclair, mgombea ugavana wa California kwa tiketi ya chama cha Democratic. Siku moja maneno hayo yaliisema vibaya ndoa, siku nyingine dini. Kisanduku hakikumwambia mtu asimpigie kura Sinclair. Kilimwonyesha tu maneno na jina la aliyeyaandika, kisha kikamwachia ahukumu.

Ni kweli Sinclair aliyaandika. Shida ni kwamba mengine yalikuwa yamesemwa na wahusika wa riwaya zake.

Sinclair hakuwa mwanasiasa wa kawaida. Alikuwa mwandishi mashuhuri, aliyejulikana zaidi kwa The Jungle ya mwaka 1906, riwaya kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago. Katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi alikuja na mpango aliouita End Poverty in California, yaani kuukomesha umaskini wa California: viwanda vilivyofungwa na mashamba yaliyolala wapewe wasio na ajira, wazalishe mahitaji yao wenyewe. Agosti 1934 alishinda kura za mchujo za chama chake. Mpinzani wake mkuu alikuwa gavana aliyekuwa madarakani, Frank Merriam wa chama cha Republican, na magazeti makubwa ya jimbo, karibu yote, yakawa upande wa Merriam.

Tuitazame nukuu moja kama tunavyotazama kifungu chochote cha fasihi. Katika Love's Pilgrimage, riwaya ya 1911, kuna mume ambaye mkewe amempenda mtu mwingine. Katika uchungu wake anaandika kwamba zamani aliamini utakatifu wa ndoa, lakini sasa haamini tena. Ndani ya riwaya hayo ni maneno ya mtu aliyeumia. Unajua nani kamuumiza, unajua anamwandikia nani, na unaweza hata kuona kwamba anajidanganya. Yakiingia kwenye kisanduku, mume anatoweka, mke anatoweka, na sauti inayobaki ni ya mgombea anayetaka kuzivunja ndoa za watu. Herufi hazikubadilishwa hata moja, lakini maana imegeuzwa.

Nukuu za namna hiyo hazikuokotwa kwa bahati. Clem Whitaker na Leone Baxter, mume na mke watarajiwa waliokuwa wameanzisha kampuni ya kuendesha kampeni mwaka 1933, walifanya kazi upande wa wapinzani wa Sinclair. Walijifungia siku tatu wakisoma kila alichoandika. Baadaye Baxter alikiri kwamba nukuu zile hazikuhusu suala lililokuwa mbele ya wapiga kura, naye Whitaker akasema kwamba kilichomwangusha Sinclair ni kuwa mtu aliyeandika vitabu. Sidhani kama kuna maelezo ya usomaji mbaya yaliyo mafupi kuliko hayo: watu wawili wamesoma kila ukurasa, kwa makini, bila nia ya kuelewa.

Sasa tulinganishe kisanduku na tahariri ya kumuunga mkono mgombea. Tahariri ni aina ya uandishi yenye kanuni zake. Inasema "sisi", na msomaji anajua "sisi" ni nani. Inakaa kwenye ukurasa wa maoni. Inataja sababu, na ikiwa nzuri inakiri kasoro za mgombea wake na ubora wa mwingine. Kwa kuwa sababu zimewekwa wazi, unaweza kuzipinga. Los Angeles Times liliandika pia tahariri za kumpinga Sinclair, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa mmiliki wake, Harry Chandler, alikuwa tajiri mkubwa wa ardhi. Gazeti la tajiri likimkataa mjamaa kwa jina lake na kwa hoja zake, msomaji hajaibiwa kitu. Anajua anaongea na nani.

Alichoibiwa kiko kwenye kurasa za habari. Turner Catledge, mwandishi wa New York Times aliyetumwa huko, alisimulia kwamba alipomuuliza mwenzake wa Los Angeles Times Sinclair angehutubia wapi siku hiyo, aliambiwa kwamba hapa hawana desturi ile ya New York ya kulazimika kuchapa pande zote mbili. Gazeti jingine la mji huohuo lilichapa picha ya vijana wasio na kazi wakimiminika California kwa treni za mizigo. Picha ilitoka kwenye filamu ya kuigiza ya 1933, Wild Boys of the Road. Nayo studio ya MGM ilitengeneza filamu fupi zilizoonyeshwa kwenye sinema kana kwamba ni habari, zikiwa na watu waliopangwa wa kusema walichoambiwa. Kampeni nzima ilikuwa ya hadithi za kubuni zilizovishwa nguo za habari, dhidi ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kubuni hadithi.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Sinclair alijiponza. Aliwatania waandishi wa habari kwamba akishinda, nusu ya wasio na ajira wa Marekani watahamia California, na utani huo ukamrudia kwenye mabango. Rais Roosevelt, wa chama chake mwenyewe, hakumuunga mkono. Mgombea wa tatu, Raymond Haight, alipata kura takriban 302,000. Merriam alipata zaidi ya 1,138,000 na Sinclair takriban 879,000. Huwezi kusema kisanduku peke yake kiliamua uchaguzi.

Nayakumbusha haya kwa sababu siku hizi magazeti mengi ya Marekani yanaiacha tahariri ya namna hii. Los Angeles Times lenyewe liliamua mwaka 1973 kuacha utaratibu wa kuunga mkono wagombea wa urais, ugavana na useneta, likairudia desturi hiyo mwaka 2008. Oktoba 2022 magazeti yanayomilikiwa na Alden Global Capital, likiwemo Chicago Tribune, yalitangaza kuiacha kwa nafasi hizohizo tatu. Mwaka 2024 New York Times likaacha kuwaunga mkono wagombea katika chaguzi za New York. Sababu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba mtandaoni wasomaji hawatofautishi habari na maoni.

Sababu hiyo ina uzito, lakini dawa imepakwa pasipo na kidonda. Maoni yenye saini ndiyo rahisi kuyatambua kuliko yote. Na ni katika mbio za ugavana, kuliko za urais, ambapo gazeti la jimbo linajua jambo ambalo msomaji hana nafasi ya kulijua: nani alilipia barabara gani, nani alipiga kura ipi kwenye bunge la jimbo. Tahariri ikiondoka, uteuzi wa vichwa vya habari, picha na nukuu unabaki palepale, na hauna wa kuusaini. Kisanduku cha 1934 hivi leo kinaingia kwenye skrini ya simu bila kupunguzwa hata neno.

Baada ya kushindwa, Sinclair aliandika kitabu kueleza jinsi alivyoangushwa. Magazeti yaliyanunua maelezo hayo na kuyachapa kwa mfululizo. Wasomaji wake wakapata hatimaye kumsikia kwa kirefu, kwa sauti yake mwenyewe, wakati hapakuwa tena na kura ya kupiga.