Kitanzi cha biki kina kazi?

Kwenye semina hapa Dzaleka tunapewa ajenda za jalada gumu, pembeni kuna kitanzi cha kushikia biki. Vijana wengi ninaofanya nao kazi wanasema ni urembo tu. Mimi nasema kina kazi, ila kimeshonwa vibaya.

Kimepimwa kwa biki nyembamba iliyokuja na ajenda. Wino ukiisha, biki ya dukani haiingii, ile Bic ya pembe sita ambayo Marcel Bich alianza kuiuza Ufaransa mwaka 1950 (ndiyo ilitupa hilo neno biki). Ukiilazimisha, uzi unaachia. Basi unaitia mfukoni, jirani anaiazima kwenye foleni, imekwenda. Halafu unatajiwa tarehe ya mahojiano, unaandika kwenye kiganja, jasho linafuta. Siku ikikupita, nani atakuamini?

Sokoni Nathenje, kule kusini ya Lilongwe, niliona kaye ambayo fundi ameishonea lastiki pana mgongoni, si ukingoni, kwa hiyo hainasi ukiitia kwenye begi. Kama huna lastiki, kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kinashika biki yoyote.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuagiza ajenda zingine, jaribuni kwanza na Bic ya kawaida. Pesa ikipungua, toeni rangi moja kwenye nembo yenu.