Penseli na Kinyonga

Mchoraji wa Lushoto hana tembo karibu na mlango wake. Tembo wako huko chini nyikani, Mkomazi, na picha zao zimejaa madukani kila mji wa watalii. Alichonacho ni kinyonga kwenye kichaka cha uani, na naamini huyo anatosha kumfundisha mtu kuchora hadi uzeeni.

Anza na miguu. Vidole vitano vimegawanyika mafungu mawili yanayokabiliana: mguu wa mbele, vitatu ndani na viwili nje, wa nyuma, kinyume chake. Nimeona michoro yenye rangi za kupendeza iliyokosea hapo tu, na kinyonga wake akaonekana amebandikwa juu ya tawi badala ya kulishika. Kisha macho. Kila moja huzunguka peke yake, hivyo utaamua: unachora jicho linalokutazama wewe, au lile linalomvizia nzi?

Milima hii ya Usambara imejaliwa. Yupo kinyonga wa pembe tatu, ambaye jina lake la kisayansi, *deremensis*, limetokana na Derema, Usambara Mashariki. Dume ndiye mwenye pembe, na mgongo wake umeinuka kama tanga la ngalawa. Jike hana pembe hata moja. Wengi tumekuzwa tukiambiwa kinyonga ni mkosi, apigwe mawe. Lakini sijamwona mtu aliyewahi kumchora akaendelea kumrushia jiwe.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, alitupa wanyama wa fikra na mapambo, na namheshimu kwa hilo. Ufundi ninaousifu hapa ni mwingine, na bwana wake ni Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, 1935, aliyefundisha sanaa Makerere. Katika *East African Mammals*, kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1971, alichora misuli iliyo chini ya ngozi na fuvu lililo chini ya uso. Kwake kuchora kulikuwa kuchunguza.

Saa nzuri ya kinyonga ni usiku. Akilala kwenye ncha ya kijiti rangi yake hufifia, na tochi humpata upesi akiwa ameviringa mkia. Chora haraka, uzime tochi, umwache palepale. Vinyonga wa Usambara wameuzwa sana ng'ambo wakiwa hai. Mchoro hauondoi kitu msituni.

Anayetaka somo gumu zaidi apande msitu wa Magamba asubuhi, mbega wanapoota jua juu ya miti. Hapo achukue penseli laini kabisa. Manyoya marefu meupe ya mabegani hayachorwi hata kwa mstari mmoja: yanaachwa karatasi tupu, na kazi yote ya mkono ni kuujenga weusi unaoyazunguka.