Sikio la Garissa na Mashairi Machache ya Kisasa

Mwaka 1929, I. A. Richards wa Cambridge alichapisha kitabu kilichotokana na zoezi lake la kuwapa wanafunzi mashairi yasiyotajwa watunzi na kuwataka waandike walivyoyapokea. Miongoni mwa makosa aliyoyaorodhesha ni lile la msomaji kuingiza katika shairi kumbukumbu za maisha yake zisizohusiana nalo. Wako wahakiki waliolipokea onyo hilo kana kwamba ni sheria. Lakini ni nani aamuaye kwamba kumbukumbu fulani haihusiani? Shairi linalotaja bweni na alfajiri haliwezi kusomwa Garissa kama linavyosomwa Nyeri tangu tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika shambulio la Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Msomaji wa huko hakuliongezea shairi kitu. Ni neno lenyewe lililoongezeka uzito.

Suala hili halikomei kwenye maana; lahusu sauti pia. Wasomaji wengi wa Kaskazini Mashariki wamelelewa na utungo wa Kisomali. (Garissa si ya Wasomali peke yao: Wamunyoyaya na Wapokomo wa ukingo wa Tana wana masikio yao, na huo ni uchunguzi mwingine.) Katika gabay, sauti moja huteuliwa, na kila nusu ya mshororo sharti iwe na neno lianzalo kwa sauti hiyo, tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho wake. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Mizani nayo hupimwa kwa kuzingatia ufupi na urefu wa irabu, jambo ambalo mshairi Gaarriye alilifafanua gazetini mwaka 1976. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wa Kiswahili walikuwa wakivutana juu ya vina, baada ya kutoka kwa Mashairi ya Kisasa (1973) ya Kahigi na Mulokozi, na Kichomi (1974) cha Kezilahabi. Mvutano huo ulihusu, kwa kiasi kikubwa, vina vya kati na vya mwisho. Jirani ambaye vina vyake viko mwanzoni mwa neno hakuulizwa.

Laiti angeulizwa. Msomaji huyu akilishika shairi la Kezilahabi liitwalo “Upepo wa Wakati”, kukosekana kwa vina vya mwisho hakumsumbui hata kidogo, kwani hakuvizoea. Picha ya mawimbi yanayosukumwa na upepo anaipata bila taabu, ingawa ziwa liko mbali naye. Kinachomtatiza ni kwamba sikio lake linavizia mwanzo wa maneno, na Kiswahili kinampa takriri nyingi mno. Mtu akisema “vijiti vikavu vimevunjika”, amerudia sauti mara tatu bila kutunga lolote. Upatanisho wa ngeli umemfanyia kazi hiyo. Kile ambacho kwa Msomali ni jasho la mtunzi, kwa Mswahili ni sarufi ya kila siku. Hapa ndipo penye ugumu wa kuhamisha kanuni za gabay katika Kiswahili, na labda ndipo penye sababu mojawapo ya malenga wa pwani kuuweka ufundi wao mwishoni mwa kipande. Mtunzi wa Garissa atakayetaka kuandika Kiswahili kwa sikio la nyumbani itambidi autafute urari wake katika mashina ya maneno. Kazi hiyo yawezekana, nayo haijapata kujaribiwa vya kutosha.

Shairi la tatu la kutajwa ni la Kiingereza: “Home” la Warsan Shire, aliyezaliwa Kenya mwaka 1988 na wazazi Wasomali, akakulia London. Limenukuliwa sana katika mijadala ya wakimbizi, hasa tangu 2015. Nguvu yake haina ubishi. Hata hivyo, likisomwa Dadaab, katika kambi zilizoanzishwa tangu 1991, udhaifu wake hudhihirika: linamsihi mwenyeji anayeshuku, limfahamishe kwa nini watu hukimbia. Mkazi wa Ifo au Hagadera hahitaji kufahamishwa. Anasimama kando ya mazungumzo yanayomhusu yeye mwenyewe. Mhakiki wa London hawezi kuliona hilo kwa urahisi, na si kwa sababu ya uvivu. Yeye ndiye anayesemeshwa.

Miitikio ya namna hii haina pa kuandikwa. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, mtahiniwa wa Garissa, sawa na wenzake wa Lamu na Kisumu, hutakiwa aeleze muundo, abainishe nafsineni na toni, ataje uhuru wa kishairi, pengine auandike ubeti kwa lugha ya nathari. Maswali hayo ni halali, na bila hayo usahihishaji ungekuwa mgumu. Akijibu kwamba shairi ni huru kwa kuwa halifuati vina, amepata alama yake. Kwamba yeye alitazamia vina hivyo upande mwingine kabisa wa neno, hakuna swali linalomtaka aseme.